Kabla ya Kulipia Koti la Zamani, Papasa Mshono wa Mgongo

Lilikuwa koti la sufu nzito, buluu iliyokolea, vifungo vya pembe, kola pana ya namna ambayo siku hizi haikatwi tena. Mabegani lilinikaa kana kwamba mwenyewe ndiye niliyesimama mbele ya fundi siku lilipopimwa. Kiunoni lilinibana, sentimita 3 hivi. Nikamuuliza muuzaji. Akajibu bila kusita: "Hilo fundi yeyote atakuongezea." Nikalipa.

Fundi wangu alifumua bitana kidogo chini ya mgongo, akaingiza vidole viwili, akanyamaza. Kisha akaugeuza mshono nione. Ndani palikuwa na nusu sentimita ya kitambaa kila upande, basi. Mtu fulani, miaka hiyo, alilipunguza koti lile, na ziada akaikata akaitupa. Tangu hapo nakagua makoti kwa vidole kabla ya macho, na barua za wasomaji ambao makoti yao yamegoma kuongezwa zimenionyesha kwamba si mimi tu niliyeuziwa maneno.

Kuhusu bega sitasema mengi. Kila mwongozo unakuambia bega likae sawasawa, na ni kweli, kwa sababu kulirekebisha ni kulijenga koti upya. Urefu nao hauchezewi, maana mifuko na matundu ya vifungo yameshapangiwa mahali pake. Rangi ni shauri yako. Mimi nazungumzia akiba ya kitambaa.

Fundi anayeiheshimu kazi yake haukati mshono hadi ukingoni. Huacha ziada ndani: katikati ya mgongo, ubavuni, kwenye pindo la mikono, na kwa suruali, kwenye mshono wa makalio. Ukikuta sentimita 3 kila upande wa mshono wa mgongo, toa 1 ya kushikia uzi. Zinabaki 2 na 2, yaani kiuno kinaweza kuongezwa sentimita 4. Hizo 4 ndizo zinazofanya koti lidumu miaka hamsini. Mwenye koti akinenepa, linaachiwa. Akikonda, linarudishwa. Akiliacha duniani, linamfaa mwanawe. Koti lenye sentimita 1 kila upande linamfaa mtu mmoja kwa msimu mmoja, hata kama kitambaa chake ni cha kifalme.

Kuikagua akiba hakuhitaji mkasi. Geuza koti ndani nje, shika mshono wa mgongo usawa wa kiuno, pamoja na bitana yake, kati ya kidole gumba na cha shahada. Sugua taratibu kuelekea pembeni. Pale unene unaposhuka ghafla ndipo kitambaa kinapoishia. Fanya hivyo hivyo kwenye mkono, kuanzia ukingo kwenda juu, uone pindo limekunjwa kiasi gani. Kwenye suruali kazi ni nyepesi zaidi, kwani nyuma hakuna bitana: akiba ya makalio inaonekana wazi, pana kiunoni na kupungua inavyoshuka. Ukinunua kwa mbali, omba picha hiyo moja. Aliyebania kitambaa kwenye suruali hakukimwaga kwenye koti.

Angalia na mpasuo. Koti lenye mpasuo mmoja katikati ya mgongo ni gumu kuongezwa, kwa sababu ukiuachia mshono ule mpasuo nao huvurugika na kukaa wazi. Lenye mipasuo miwili ya pembeni linauacha mshono wa katikati huru. Jambo jingine ni kwamba kitambaa kilichojificha ndani hakikuona jua. Ukikifungua utapata mstari wa pindo la zamani, na wakati mwingine rangi mbili. Sufu laini iliyosokotwa kwa kubana hubaki hata na matundu ya sindano. Flaneli na tweed, sufu zenye vinyweleo, huficha sana. Ndiyo maana kwa nguo kuukuu mimi huchagua flaneli bila kufikiri mara mbili.

Sasa mpangilio wangu wa makoti ya kununua, kuanzia lililo bora kwangu.

Nafasi ya kwanza: Oxxford, lililotumika. Sifichi, hawa nawapenda. Oxxford Clothes wanashona Chicago, Marekani, tangu 1916, na makoti yao yamejengwa kwa kanvasi yenye singa za farasi, yaani tabaka la ndani linalolipa kifua umbo, iliyoshikizwa kwenye kitambaa kwa mishono midogo ya mkono. Kola ikijikunja hujikunja kwa duara, haivunjiki kama karatasi. Niliyoyashika mimi yalikuwa na akiba ya kutosha mgongoni na mikononi. Tena yalikatwa kwa mwili wa kawaida, si kwa mwili wa mtu mmoja, na hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kama nitakavyoeleza nikifika nafasi ya tatu.

Ya pili: Hickey Freeman wa zamani, wa kiwanda cha Rochester, kampuni ya tangu 1899. Si Oxxford, lakini huonekana sokoni mara nyingi zaidi. Kwa makoti ya Marekani ya miaka hiyo, ingiza mkono mfuko wa ndani utafute lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa mavazi, Amalgamated Clothing Workers of America. Lebo iliyochapwa 1949 ilitumika mpaka ya 1962 ilipoichukua nafasi yake, kwa hiyo unajua koti lako limezaliwa kati ya miaka hiyo. Muuzaji akisema "la miaka ya arobaini" na lebo inasema 1962, una haki ya kurudisha mkono mfukoni.

Ya tatu: koti kuukuu lililoshonwa kwa vipimo vya mtu. Wengi wangeliweka juu kabisa, na kwa akiba pekee lingestahili. Mafundi wa Savile Row, mtaa wa mafundi wa suti jijini London, huacha kitambaa kwa ukarimu kwa sababu wanategemea mteja arudi mwaka hadi mwaka. Lebo ya mfuko wa ndani huwa na jina la mteja na tarehe, na kuisoma ni raha ya pekee. Tatizo ni kwamba koti lile lilikatwa kumfichia mtu huyo kasoro zake. Kama bega lake la kulia lilikuwa chini, kulia kumejazwa. Kama aliinama, mgongo umerefushwa. Wewe ukilivaa unapata mkunjo chini ya kola usioisha, na akiba yote ya dunia haiutibu. Livae mbele ya kioo, mikono chini, tulia dakika nzima. Likikukubali, usiliache.

Ya nne: mwambie fundi wako akushonee jipya. Ningelipandisha juu zaidi kama mafundi wangekubali kuambiwa. Mwambie kabla hajashika mkasi: sentimita 3 mgongoni, 5 kwenye pindo la mikono, na kwapa likatwe juu kama makoti ya zamani. Kwapa la juu ndilo linalokuacha uinue mkono bila koti zima kupanda. Likishakatwa chini halirudi juu. Nunua kitambaa zaidi kidogo ya anachokuambia, maana akibanwa na kitambaa, kitu cha kwanza kukata ni ile akiba usiyoiona.

Ya tano: koti la Harris Tweed la kiwandani. Hapa nitawaudhi watu. Kitambaa chenyewe ni cha heshima, kinafumwa kwa mikono nyumbani kwa wafumaji katika visiwa vya Outer Hebrides, Uskoti, na tangu 1993 kinalindwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza. Lakini ile alama ya tufe lenye msalaba inashuhudia kitambaa tu. Haisemi neno kuhusu aliyelishona koti. Nimefungua makoti yenye tufe yaliyobandikwa gundi kifuani badala ya kushonewa kanvasi, na kukatwa kwa ubahili wa kutisha, huku bei imepandishwa kwa sababu ya kipande kile cha lebo. Papasa mshono kwanza, tufe baadaye.

Ya mwisho: suti mpya ya bei rahisi iliyobandikwa gundi. Joto na mvuke huichosha gundi, kifua kikafanya malengelenge yasiyotibika. Bana kitambaa cha kifua, vuta pande mbili: usiposikia tabaka la tatu likielea katikati, ni gundi. Inatosha.

Na wauzaji. Siku hizi neno "la zamani" limekuwa sababu ya kupandisha bei mara tatu, lakini ukimwomba muuzaji vipimo anakujibu "saizi 40". Saizi ya lebo ya 1955 hainiambii lolote. Koti limepita mikononi mwa mafundi wangapi tangu hapo? Nataka upana wa kwapa hadi kwapa, koti likiwa limelazwa mezani na vifungo vimefungwa. Kama ni sentimita 53, nazidisha kwa mbili napata 106, na najua mwili wangu unahitaji nafasi kiasi gani ndani yake. Nataka bega hadi bega, mshono wa kola hadi pindo, na akiba ya mkono. Vipimo vinne, dakika mbili kwa tepu. Wapo wanaolibana koti kwa pini mgongoni likiwa juu ya sanamu ya kuvalishia nguo ili kiuno kionekane chembamba pichani, halafu wanakasirika ukiomba picha ya mgongo. Nimeacha kununua kwa watu wa namna hiyo, hata wakiwa na Oxxford mkononi.

Yule muuzaji wangu wa mwanzo hakunijibu tena baada ya kumtumia picha ya mshono. Koti la buluu nimempa mpwa wangu, kiuno chake chembamba na kifua kinamtosha. Mikono tu ndiyo ilikuwa mirefu. Fundi aliipandisha sentimita 2, nami nikasimama kando ya cherehani mpaka alipomaliza, nikihakikisha kitambaa kinakunjwa kuingia ndani na mkasi unabaki mezani.