Baskeli Unguja na Pemba: kipi ununue mwanzo, kipi kisubiri

Wengi wetu hatuna pesa ya kununua kila kitu kwa mkupuo, kwahiyo nimevipanga kwa foleni, cha mwanzo ndio utoe pesa leo.

Namba moja taa ya nyuma, nyekundu. Ya mbele nayo muhimu ila ya nyuma ndio inayotangulia, mana jua letu linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, ukichelewa kidogo tu mjini, magharibi inakukuta njiani, na barabara nyingi za shamba hazina taa wala njia ya baskeli, sasa daladala inakuja nyuma na dereva anakuona ushafika mbele ya bampa. Ziko za aina tatu. Mie naweka mwanzo ile ya kuchaji kwa USB mana chaja ya simu kila nyumba ipo, lakini angalia boksi limeandikwa IPX4 (alama ya kuhimili maji) au zaidi, bila hivo mvua za masika zitaiua. Ya pili ya betri za AA, na aliekuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme ulipopotea miezi mitatu hana haja ya kuelezwa kwanini naiheshimu. Ya mwisho dinamo. Haitaki chaji wala betri, tatizo ukisimama inazima, na pale unaposimama kungoja kukata barabara ndio hasa unapotaka uonekane.

Namba mbili breki, na wenzangu wa Pemba kwa vilima vyenu hivo ipandisheni iwe namba moja. Kabla hujanunua raba mpya za breki angalia rimu kwanza, chukua sumaku uiguse. Ikinata rimu ni chuma, na rimu ya chuma ikirowa breki inateleza vibaya hata raba ziwe mpya namna gani. Isiponata ni aluminiamu, hiyo inashika vizuri zaidi kwenye mvua. Kwahiyo ukiwa unanunua baskeli yenyewe beba sumaku mfukoni, muuzaji akicheka mwache acheke. Waya wa breki ukishaanza kutoa nyuzi badilisha, usiungeunge.

Namba tatu watu wengi hawaifikirii kabisa: kava ya cheni na wavu wa gurudumu la nyuma. Sie watu wa buibui, kanga na kanzu za Ijumaa, nguo ikiingia kwenye cheni au spoku ni kuanguka palepale katikati ya gari. Na ukimpakia mtoto kwenye keria bila wavu basi mguu wake uko karibu na spoku safari nzima. Fundi yeyote anafunga, na bei yake si ya kutisha.

Helmeti naiweka ya nne, najua kuna watakaonipinga, ila hivo vitatu vya juu vinazuia usianguke na helmeti inakusaidia ukishaanguka. Ndani tafuta stika ya EN 1078, ndio kiwango cha Ulaya cha helmeti za baskeli. Pima kichwa kwa sentimita, na dada anaevaa mtandio apime akiwa nao kichwani, mtandio mwepesi unakaa vizuri chini yake (kofia ya kiua haikai, ikunje uitie mfukoni). Ikae vidole viwili juu ya nyusi, sio kisogoni. Ya mtumba sikushauri, mana lile povu la ndani likishapigwa mara moja kazi yake imekwisha, na ufa mwengine huuoni kwa macho.

Pampu, viraka, solusheni na msasa, chukua vyote pamoja. Angalia pampu inaingia kwenye vali yako, mana ya baskeli za zamani na ya zile za mtumba kutoka Ulaya huenda si moja. Solusheni nunua tyubu ndogo, ikishafunguliwa inakauka, na ukipaka subiri ikauke kidogo ndio ubandike, watu wanabandika ikiwa majimaji halafu wanalaumu kiraka.

Kufuli chukua ya mnyororo mnene, ile ya waya mwembamba koleo linaikata, na itie mafuta mana chumvi ya bahari inagandisha ufunguo. Kengele yoyote inatosha, ila kwa anaepita vichochoro vya Mji Mkongwe iwe ya mlio mkali, zile kona humuoni anaekuja mpaka mshakutana uso kwa uso.