Uzoefu wangu: matembezi ya Buhoma na waragi ya ndizi

Karibu kila mgeni anayefika Buhoma, wilaya ya Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, huwa amefuata sokwe wa milimani wa msitu wa Bwindi. Mimi nilivutwa na waragi, pombe kali ya kienyeji ya Uganda. Wanakijiji wana matembezi yao ya kulipia, na humo utaonyeshwa maporomoko ya maji, utapelekwa kwa mganga wa jadi, utachezewa ngoma na Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, kisha utaingia kwenye shamba la migomba ambako pombe inapikwa unaona. Maporomoko yameshasifiwa na wengi, siongezi neno. Kwangu siku nzima ilikuwa pale penye pipa.

Mzee mwenye shamba alitupokea vizuri, akaanza na ndizi zenyewe. Si zile za matoke; hizi ni chungu zikiwa mbichi, kazi yake ni pombe tu. Huvundikwa siku kadhaa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba mpaka ziive, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi uliochongwa kwenye gogo. Wageni wanaruhusiwa kukanda. Inachosha kuliko unavyodhani: nyasi zinakwaruza viganja na rojo linateleza. Lakini juisi inayochujwa hapo ni tamu ajabu, na haijatiwa hata tone la maji. Ikichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, ikafunikwa na kuachwa ichachuke, inakuwa tonto, pombe nyepesi ya ndizi. Mtu wa Bukoba akionja atakwambia hiyo ni rubisi, na hutakuwa na cha kumbishia.

Waragi inatoka kwenye hiyo hiyo tonto. Inamiminwa kwenye pipa la chuma juu ya kuni, mdomo unazibwa kwa udongo, na mrija unapitishwa kwenye maji ya baridi ili mvuke urudi kuwa kimiminika. Upande wa pili kuna dumu, na matone yanaingia taratibu mno. Nilimuuliza mzee kuhusu yale ya mwanzo kabisa. Akanionyesha kikombe alichokitenga pembeni, akasema hicho si cha kunywa, anakitumia kuwashia moto. Jibu hilo lilinifanya nimwamini. Kile kinachotangulia hakifai kunywewa, ingawa kukitenga hakuondoi methanoli yote, ile aina ya pombe iliyo sumu.

Kilichonikera ni mwongozaji wetu. Alimwaga waragi kidogo kwenye kisahani, akaiwasha, moto wa bluu ukatokea, akatangaza kwamba hapo tumethibitisha ni salama. Wageni wakapiga makofi. Jamani, hapana! Moto unaonyesha kwamba kinywaji ni kikali, basi. Methanoli nayo inawaka vizuri tu. Mwaka 2010 huko huko kusini magharibi, Kabale, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Jambo kama hilo mgeni anastahili kuambiwa kabla hajapewa kikombe.

Historia nayo ilirukwa. Tangu 1965 Uganda ilikuwa na sheria ya enguli (ndiyo hii pombe kali ya kienyeji) iliyokataza kupika bila leseni, wapikaji wakatakiwa wauzie kiwanda, na kutoka huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi ya chupa, ile ya asilimia 40 inayouzwa madukani. Hata hivyo mapipa vijijini hayakuzimwa, kwa sababu ndiyo yanayolipa ada za shule. Ungetegemea mtu anayeishi hapo akusimulie haya.

Sasa ladha. Mzee alionja kwanza yeye mbele yetu, kisha kikombe kikazunguka. Inanukia ndizi iliyoiva sana, halafu moshi, halafu koo linakukumbusha kwamba hakuna aliyepima asilimia. Kwa aliyezoea Konyagi, yenye asilimia 35, hii ni kali zaidi na haina ule ulaini wa kiwandani. Ile iliyopikwa mara mbili ni safi zaidi, iombeni. Kusema kweli tonto ndiyo iliyonibakisha kwenye benchi: uchachu mwepesi, kibuyu kinapita mkono kwa mkono, wazee wanabishana bei ya mbuzi. Kunywa kwenyewe huko ni kuketi na watu, ila sisi tulikuwa tukiharakishwa tuwahi kituo kingine.

Ukienda, omba shamba liwe la mwisho ili msifukuzwe na saa. Beba shilingi za Uganda za noti ndogo. Chenji ni shida, na chupa ya kuuziwa (ile ya maji ya kunywa, haina lebo) bei yake hupanda ukishatoa kamera. Usipande boda baada ya hapo kama umeonja vya kutosha. Na Watanzania wenzangu, msijaribu kuivusha mpaka wa Mutukula: ukishavuka, hiyo ni gongo, na gongo kwetu ni kosa.

Nimetoa nyota nne kati ya tano. Zote nne ni za mzee.