Kifurushi cha podo la ngozi ya mbuzi: ngozi safi, kitako dhaifu

Podo, mfuko wa mishale, hufa sehemu mbili. Kitakoni, pale vyembe vya mishale vinapogonga kila unapopiga hatua, na mdomoni, pale ngozi inaponywea na kukataa kurudisha mshale. Kifurushi hiki cha kujishonea, kinachouzwa na fundi mmoja wa ngozi hapa Kampala kwa shilingi 95,000, kimemaliza tatizo la mdomo na kuliacha la kitako. Hata hivyo kinafaa kununuliwa, kwa sababu ngozi iliyomo ni nzuri kweli, na kitako kinatengenezeka kwa kazi ya nusu siku, mbali na muda wa kuloweka na kukausha.

Ndani mna ngozi moja ya mbuzi yenye manyoya yake, ukanda wa ngozi ghafi ya ng'ombe wa kuzungushia mdomo, duara la kitako, kamba ya ngozi ya mita 2, uzi mnene uliopakwa nta, sindano mbili butu na mkanda wa begani. Msharasi, chuma cha kutobolea ngozi, haumo. Fundi viatu yeyote atakuuzia, au akuazime.

Tuanze na ngozi, maana hapo ndipo pesa yako ilipo. Ni ya mbuzi wa Mubende: nyeusi, manyoya mafupi yaliyolala, yanayong'aa. Kwa kazi hii mbuzi huyo anamshinda yule wa Kigezi. Wa Kigezi ana manyoya marefu upande wa mapaja; yanapendeza machoni, lakini porini hushika kila mbegu yenye miiba, na yakilowa hayakauki upesi. Urefu wa ngozi, ukipima mgongoni, ni sentimita 72, na upana mabegani ni 58. Inatosha podo la mishale kumi na miwili, na vipande vya miguu vinabaki.

Kabla ya kulipa, ifungue uikague. Finya manyoya kidogo kwa vidole viwili, uvute. Yakitoka kwa wepesi, mbuzi alichunwa ngozi ikakaa na joto lake bila chumvi, vijidudu vikaozesha mashina. Ngozi ya namna hiyo haiponi, hata ukiipaka nini. Igeuze upande wa nyama, uiangalie kwenye mwanga: mikato ya kisu cha kuchunia huonekana kama mistari myembamba inayopitisha nuru. Mmoja ukiwa katikati ya tumbo haudhuru kitu, utakatwa. Ukiwa mgongoni, rudisha. Kisha tafuta unga mweupe. Ngozi hii imetengenezwa kwa shabu na chumvi, na chumvi isipooshwa vizuri huvuta unyevu wa hewani. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, podo litakuwa na jasho ndani na vyembe vya chuma vitashika kutu hata kama hujatoka nje. Ngozi tuliyoikagua ilikuwa na unga kidogo kwenye shingo tu. Tatizo hilo dogo huondolewa kwa kitambaa chenye maji, si kwa kuiloweka ngozi: shabu hutoka na maji mengi, na ngozi ikikauka inageuka ubao.

Jambo moja la sheria. Fundi anatumia mbuzi tu, na afanye hivyo daima. Kuwa na ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, na kwa wanyama walio hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Anayekupa podo la ngozi ya chui kama "la asili zaidi" anakutia matatani.

Karatasi ya maelekezo ina mchoro mzuri wa vipimo, ila imesahau kusema manyoya yaelekee wapi. Shingo iwe juu, mkia chini. Manyoya ya mbuzi yamelala kutoka shingoni kwenda mkiani, kwa hiyo mvua itateremka juu yake kama kwenye paa la nyasi. Ukigeuza, maji yataingia mashinani na mkono wako utapapasa manyoya kinyume kila unapotafuta mshale. Uti wa mgongo uwe katikati ya kipande, mkabala na mshono, kwa kuwa ndio mnene na haunyumbuki. Kingo za tumbo, zile laini zinazovutika kama nguo ya zamani, zitupe zote.

Vipimo vya mchoro ni sahihi: mdomo wa sentimita 12 kwa kipenyo, kitako cha 8. Kwenye ngozi iliyotandazwa hiyo ni sentimita 41 juu na 28 chini, pamoja na sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Kina ni 56. Mshale wa sentimita 76 unaacha 20 nje, hivyo mabawa yake ya manyoya hayasuguani na mdomo. Kama mishale yako ni mirefu au mifupi, badilisha kina, usibadilishe kile kinachobaki nje.

Usikate kwa mkasi. Mkasi unakata ngozi na manyoya pamoja, na ukingo unabaki na mstari mkavu kama nywele zilizonyolewa kwa pupa. Laza ngozi, manyoya yakitazama meza, kata kwa wembe kutoka upande wa nyama, ukigusa ngozi peke yake, halafu tenganisha vipande viwili kwa mikono taratibu. Manyoya yatabaki mazima na kufunika mshono. Ule upana wa sentimita moja na nusu tu ndio unaonyolewa, ili kingo zilaliane.

Matundu toboa kwa msharasi, milimita 10 kati ya tundu na tundu, milimita 6 kutoka ukingoni. Kuna mazoea ya kutoboa kwa msumari wa moto. Ngozi iliyoungua pembeni mwa tundu huwa ngumu, kisha hupasuka. Kamba ya ngozi iloweke nusu saa, uishone ingali mbichi. Ikikauka inajikaza yenyewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanavuta kwa nguvu ikiwa mbichi, nayo inapojikaza inachana matundu. Vuta mpaka kingo zigusane, basi. Mita 2 zinatosha mshono wa kuzungusha. Ukitaka wa kupishanisha kama kamba za viatu, ongeza mita moja yako.

Mdomo ndio kazi bora ya kifurushi hiki. Ukanda wa ngozi ghafi una upana wa sentimita 4, umekatwa sawa, na unene wake haubadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Uloweke hadi ulegee, uzungushe ndani ya mdomo, ushone kwa uzi, kisha jaza podo lote kwa maganda makavu ya kahawa au pumba, ukishindilia kidogo kidogo ili umbo litoke duara. Weka kivulini siku mbili au tatu. Juani ngozi hukauka nje kabla ya ndani, inajikunja, na mafuta yaliyosalia yanayeyuka na kuiacha ngumu yenye harufu. Ukishakauka, mdomo huu unasimama wazi kama wa kibuyu, na mshale unarudi bila kutazama.

Kitako sasa. Duara wanalokupa lina kipenyo cha sentimita 8 kamili na unene wa milimita 2. Kosa ni hilo "kamili". Halina ukingo wa kushonea, kwa hiyo sindano inapita pembezoni kabisa, na uzito wa vyembe kumi na viwili unang'oa mshono mmoja mmoja. Tena milimita 2 si kitu mbele ya chembe cha chuma kilichonolewa.

Dawa yake: nunua kipande cha ngozi ghafi ya mgongo wa ng'ombe chenye unene wa milimita 4, kata duara la sentimita 9, loweka usiku kucha. Lishindilie juu ya kikopo cha sentimita 7 na ukunje sentimita moja ya ukingo pande zote, kama kizibo cha soda. Funga kwa mpira, acha likauke. Liingize katika podo ukingo ukitazama chini, nje, usitazame ndani. Ukilitia hivyo, sindano zote mbili zinafikika kwa urahisi, na mshono unakaa chini ya sakafu ambako chembe hakiugusi. Kwa matundu ya kila milimita 8 utapata kama 31. Kina kitapungua sentimita moja, kwa hiyo kata ngozi 57 badala ya 56. Duara dogo walilokupa usilitupe: liweke juu ya hilo jipya kama sakafu ya pili, kisha juu yake lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, kilichokunjwa mara nne. Lubugo humeza kelele za vyembe. Hunywa maji pia. Baada ya mvua litoe ulianike peke yake.

Mkanda wa begani ni imara, sentimita 130, lakini unafungwa kwa tundu moja kila mwisho, na tundu moja hurefuka. Ongeza la pili, sentimita 2 kando yake, na ubandike kipande cha ngozi ya ng'ombe kwa ndani.

Kwa kulainisha upande wa nyama, kijiko kimoja cha moo yaa, mafuta ya mbegu za mti wa shea kutoka kaskazini, kinatosha, kabla ya kushona. Mafuta ya alizeti ya jikoni yananata na kuchacha. Podo likikaa bila kutumika, litundike mdomo ukitazama chini, mahali penye upepo, na kila mwezi chungulia mashinani mwa manyoya na ndani ya mshono: dudu wa ngozi huanzia gizani, na dalili yake ya kwanza ni vumbi la kahawia na magamba madogo ya buu yenye nywele.