ThinkPad T480 ya mtumba: uzoefu wangu kwenye steshenari, Iyunga

Nianze na jibu, maana najua mtu anayetafuta mashine ya kazi hana muda wa kuzungushwa. ThinkPad T480 ya mtumba, laptopu ya Lenovo, ndiyo kompyuta iliyoniridhisha kuliko zote nilizowahi kufanyia kazi. Kwa mwenye steshenari, mwalimu au mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, sioni sababu ya kuchukua mpya ya bei hiyohiyo. Mpya za laki sita mara nyingi zinakuja na prosesa dhaifu ya Celeron na ramu ya 4GB iliyochomelewa kwenye madabodi, ukitaka kuongeza huwezi. T480 ina nafasi mbili za ramu, unafungua mfuniko wa chini unaongeza.

Steshenari yangu iko Iyunga, karibu na chuo cha MUST. Tunachapa, tunaprinti, tunaskani vyeti, tunawajazia watu maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB na kazi za serikali kwenye Ajira Portal. Mtu akikaa kwenye kile kiti ananiachia namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), vyeti vyake vyote, na mara nyingine nywila ya barua pepe, kwa kuniamini tu. Ndiyo maana kasi ya kompyuta naitazama, ila cha kwanza nauliza kama naweza kumlinda huyo aliyekaa.

Kwa nini T480, wakati T470 unaipata kwa bei ya chini? Kwa macho ni mapacha, muuzaji anaweza kukuwekea zote mbili mezani usizitofautishe. Tofauti iko ndani. T470 ina prosesa za Intel kizazi cha 6 au cha 7. T480 ilitoka 2018, nyingi zikiwa na kizazi cha 8, na Microsoft walipoleta Windows 11 mwaka 2021 walichora mstari hapohapo: kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida. Uliwekwa mpango wa kuongezewa mwaka mmoja, lakini mwaka mmoja si muda kwa mtu anayenunua kitu cha kumfanyia kazi. Ukiona bei ya T470 imeshuka, usidhani umebahatika, jua inashuka kwa sababu hiyo.

Najua wapo wanaozima masasisho kabisa ili kuokoa bando. Naelewa, bando linauma. Lakini wakumbuke WannaCry ya Mei 2017, virusi vilivyofunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Dawa ya lile tundu Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni ambao hawakuwa wamesasisha. Mimi mchana nauweka muunganisho kuwa wa kupimwa (metered) ili Windows isivute masasisho, kipengele kipo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, halafu usiku naufungua na bando la usiku mashine ivute inachotaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kwa dhati. Kompyuta nyingi za mtumba zinauzwa zikiwa tayari na Windows ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni, na fundi anakwambia bila wasiwasi, "Zima kwanza antivirusi, isije ikaifuta." Programu ambayo sharti lake la kwanza ni kumwondoa mlinzi getini, unaikaribisha ndani ya nini? Virusi vya jamii ya STOP, vile vinavyofunga picha na nyaraka zako kisha vinadai dola, vimesambaa zaidi kupitia programu za namna hii. Na kinachosikitisha zaidi, kwa T480 hakuna haja hiyo kabisa. Nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows 10 Pro, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Mimi nilipakua Windows 11 kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, nikaitia kwenye flashi ya 8GB, nikafuta diski nzima na kuanza upya. Ilipopata intaneti ikajiidhinisha yenyewe, sikuulizwa ufunguo wala senti tano.

Kujua kama uliyouziwa ni halali, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike slmgr /xpr. Ikijibu kuwa imeidhinishwa moja kwa moja bila ukomo, hiyo ni dalili nzuri. Ikikutajia tarehe ya kuisha ndani ya miezi sita, basi imeidhinishwa kwa njia ya KMS, ambayo hudumu siku 180 na imetengenezwa kwa ajili ya ofisi na taasisi kubwa. Kwa mashine ya dukani, hapo kuna mkono wa mtu. Na kabla hujatoa hela, iwashe ubonyeze F1 uingie BIOS. Ikidai nywila ya msimamizi ambayo muuzaji hana, mrudishie mashine yake.

Baada ya hapo adui mkubwa wa steshenari ni flashi. Msimu wa kukusanya ripoti za fildi alikuja dada mmoja, mwanafunzi, amekata tamaa. Flashi ilikuwa inaonyesha imejaa, lakini akifungua anakuta njia ya mkato moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Alikuwa ameshaibofya kwingine mara kadhaa, na kila ukiibofya ndivyo virusi vinavyoamka. Sikuibofya. Niliiacha Defender, antivirusi inayokuja na Windows, iichunguze flashi yote, ikakamata faili la skripti, yaani amri zinazojiendesha, lililojificha nyuma ya ile njia ya mkato. Kisha nikaandika amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi) na mafolda yakarudi moja baada ya jingine, ripoti ikiwemo. Virusi hivi kwa kawaida havifuti kitu, vinaficha tu, na wapo watu wanaofomati flashi wakidhani kazi imepotea. Alinishukuru, "Ndaga fijo," akakimbilia kuprinti.

Kwa hiyo mtu akiniuliza antivirusi gani anunue, namwambia asinunue. Kwa matumizi yetu Defender inatosha, mradi iwashwe na isasishwe. Hela hiyo nunua diski ya nje uweke nakala za kazi zako, na uichomoe ukimaliza, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili hufunga pia diski iliyochomekwa. Mfanyakazi wangu anatumia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Mteja anayetaka kufungua barua pepe yake namfungulia dirisha la mgeni kwenye Chrome. Likifungwa, historia na kuingia kwake vinaondoka nalo. WhatsApp ya kompyuta nikiikuta imebaki wazi kwenye mashine ya mtu, huwa inaniuma, maana mazungumzo yote ya mwenyewe yako pale mezani.

Kuhusu mashine yenyewe, betri ni mbili: moja iko ndani, ya 24Wh, nyingine nyuma inayochomolewa. Ya nyuma ikiisha unabadilisha huku umeendelea kuchapa, ya ndani inashika. Umeme ukikatika printa inalala lakini mteja haambiwi arudi kesho. Kwa mtumba, lakini, betri huwa imechoka, na muuzaji atakwambia "inakaa vizuri tu". Kwenye dirisha la amri andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikishuka chini ya nusu, dai upunguziwe. Sasisha pia programu ya ndani ya mlango wa USB-C, kwani Lenovo walitoa sasisho maalumu kwa ThinkPad za miaka ile, na bila hilo mlango huo unaweza kufa. Kioo, matoleo mengi ni ya mwangaza wa niti 250, ndani ya chumba ni sawa, ila barazani juani utakodoa macho. Kibodi ni nzuri mno, sina la kuongeza.

Kama mfuko unaishia T470, ichukue ila uiwekee Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, ambao ni bure na utaendelea kupata masasisho. LibreOffice, programu yake ya kuchapia, inafungua mafaili ya Word, ingawa majedwali huweza kuhama kidogo, hivyo ripoti ya chuo ihifadhi kwa PDF kabla ya kuipeleka kuprinti. Kwa steshenari inayopokea mafaili ya kila aina kutoka kwa kila mtu, mimi sishuki chini ya T480.