TAHADHARI: Muuzaji wa "Boerboel" anayekabidhi stendi hapa Mwanza

Wana Mwanza, na ndugu zetu wa Sengerema, Geita na Magu mnaokuja mjini kutafuta mbwa wa kulinda boma: kuna jamaa anauza watoto wa mbwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Safari hii anawaita Boerboel, majibwa ya ulinzi ya Afrika Kusini, safari ijayo Caucasian, majibwa ya milima ya Kaukasi, bei laki saba hadi laki tisa. Msimtumie hela. Mimi nafuga Boerboel huku Ilemela, kwa hiyo watu wakishauziwa huniletea niwaangalizie. Wote waliotoka kwake niliowaona ni mbwa wetu wa mtaani, mmoja mmoja chotara, waliokatwa mikia juzi juzi na vidonda bado vibichi.

Sina ugomvi na mbwa wa mtaani. Anabweka kwa wakati, anakula kidogo, maradhi ya huku ameyazoea. Ila huyo Igoma unapewa bure, na mwenye naye anakushukuru.

Picha anazoweka ni za majibwa ya kweli. Tazama nyuma ya mbwa lakini: uzio wa mbao, nyasi zilizofyekwa vizuri, na hakuna hata jiwe. Mwanza ipi hiyo isiyo na mawe? Ukiomba kwenda kumwona mama, mara yuko Musoma, mara kapelekwa kwa daktari, mara mwenye nyumba hapendi wageni. Nusu ya hela itangulie, nusu mnamalizana stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo, giza likiingia, mtoto yuko ndani ya boksi. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwenyewe. Jina linalotokea unapotuma hela nalo si lake. Ukimuuliza, ni laini ya shemeji.

Kwa anayetaka Caucasian hata boksi halionekani. Mbwa "amekwama Sirari", mpakani na Kenya. Leo inatakiwa hela ya kibali, kesho ya chanjo, keshokutwa ya kreti, na ukichoka kutuma namba haipatikani. Mnyama anayevuka mpaka kihalali huombewa kibali kabla hajaanza safari, na husafiri na cheti cha afya na cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuna kibali kinachopatikana kwa kutuma elfu themanini kwenye laini ya mtu wakati mbwa eti yuko getini.

Sasa mtoto mwenyewe. Boerboel dume aliyekomaa anafika sentimita 65 hadi 70 begani, na kilo 65 kwake ni kawaida, wengi huzidi hapo. Mbwa wa namna hiyo akiwa na wiki nane mara nyingi ana kilo saba, nane, hata zaidi. Jamaa anakabidhi wa kilo mbili na nusu huku anaapa ana miezi miwili. Nenda na mizani ya samaki, ile ya ndoano, mtie mtoto kwenye kikapu, pima hapo hapo. Tumbo kubwa lisikudanganye, hiyo ni minyoo. Fungua na mdomo: mtoto wa wiki nane ana meno ya utoto yote na yanachoma kweli. Wengi wa kwake meno ndiyo kwanza yanachomoza, maana yake ana wiki nne hivi na ameachishwa ziwa kabla ya wakati. Na akikuonyesha cheti cha Afrika Kusini chenye alama za ukaguzi wa mtoto huyo, mrudishie. Kule Boerboel hukaguliwa na kupewa alama akishakua.

Kadi ya chanjo ndiyo iliyonichosha. Mihuri ipo, saini ipo, na kichaa cha mbwa kimeandikwa tayari, kwa mtoto ambaye bado alitakiwa awe ananyonya. Chanjo ya kichaa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi mitatu. Ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Kadi ya kweli huwa na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Kadi zake hazina stika hata moja.

Ndiyo maana wanakufa. Mtoto anafika nyumbani, siku chache anaanza kutapika, anaharisha damu yenye harufu mbaya sana, anakataa chakula. Hiyo dalili ya parvo usiihangaikie kwa maziwa na mafuta ya kula. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo atundikiwe maji. Akifa, virusi hubaki uani miezi mingi, hata mwaka. Usilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo.

Halafu kuna ushauri anaougawa bure, na huu unaniudhi kuliko wizi wenyewe, kwa sababu hata mwenye Boerboel halisi anaufuata. Anasema mpe mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, kila siku na vidonge vya kalsiamu "mifupa ikaze". Mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kuikataa kalsiamu inayozidi. Mwili unaipokea tu, mifupa na viungo vinakua vibaya, baadaye anachechemea. Mapanki ni mifupa mitupu, na yakishakauka au kupikwa yanachoma utumbo. Mbwa hawa wanakua hadi mwaka na nusu, miwili. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, au daktari akupangie cha nyumbani, na abaki mwembamba kiasi, mbavu uzisikie kwa vidole.

Anasema pia mfungie gizani, mpe pilipili, atakuwa mkali. Atakuwa mwoga, na mwoga wa kilo 65 atamng'ata mtoto wako. Mbwa mlinzi anafunzwa kwa kuzoeshwa watu wa nyumbani, mifugo na sauti za mtaa tangu mdogo. Namibia wanawalea Kangal, mbwa wa Uturuki wa kulinda mifugo, pamoja na mbuzi tangu wakiwa wadogo, na duma wanakaa mbali, hakuna pilipili.

Na Caucasian wa kweli ana manyoya mazito ya tabaka mbili, ni mbwa wa milima ya Kaukasi. Jua la saa nane mchana Buzuruga, kwenye banda la bati, linaweza kumuua. Mimi nisingemleta huku hata kwa zawadi.

Unayetaka kununua, nenda kwenye banda mchana, mwone mama akiwa na wanawe. Ukiwa mbali piga simu ya video, mwambie muuzaji aweke ndala yake mbele ya mama. Wa kweli atacheka na kuiweka.

Uliyeshatuma hela, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi kabla haijatolewa, usifute meseji, kisha nenda polisi ufungue jalada. Namba yake iripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Kwa sasa anatangaza "Kangal wa Uturuki, wamebaki wawili". Picha ina geti la bluu na ndoo nyekundu pembeni. Picha hiyo hiyo aliitumia kwa Boerboel, na wale "wawili waliobaki" walikuwepo.