Fundi wa seva aliyetutengenezea ruhusa za mafaili, Nasser Road

Wenzangu wa uchapishaji hapa Kampala, hii shida najua si yetu peke yetu. Sisi ni madizaina wanne, seva moja ya Debian (aina ya Linux), kila mtu na akaunti yake. Sasa mimi nikitengeneza posta nikasevu, mwenzangu akitaka kubadilisha tarehe tu anaambiwa hana ruhusa, mteja amesimama kaunta na mimi niko kwa taxi Wandegeya, inauma kweli.

Fundi wa kwanza alipiga chmod 777 (amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote) folda nzima akachukua pesa akaenda. Siku hiyo sawa, kesho yake mafaili mapya yakarudi palepale, 644, aliyetengeneza ndo anaandika, wengine wanasoma tu. Na yale ya zamani yakabaki wazi kwa kila mwenye akaunti, hata vijana wa mafunzo, na mle kuna vitabu vya risiti vya watu jamani!

Huyu wa sasa alianza kwa kuuliza, nani anafanya kazi na nani? Ndo akatueleza kwamba faili mpya inaanzia 666, yaani wote wanasoma na kuandika, folda 777, halafu umask, namba inayowekwa kwa kila akaunti, inafunika ruhusa usizotaka zitoke. Yetu ilikuwa 022, inazibia grupu (kundi la akaunti) kuandika. Akaweka 002, sasa faili inazaliwa 664 na folda 775, grupu nayo inaandika. Ila akasema hiyo peke yake haitoshi kwa sababu faili inashika grupu ya aliyeitengeneza, kwa hiyo akatutia wote grupu moja, akapiga chmod g+s kwenye folda ya kazi na zilizomo ndani, basi chochote kipya kinachozaliwa mle kinashika grupu ya folda. Mhasibu akamwekea 077, mafaili yake yanatoka 600, hata sisi hatuyasomi, na hapo ndo nilimwamini.

Kasoro ni moja, hakutuambia kwamba umask haigusi mafaili yaliyokuwepo, wala faili uliyoihamisha kwa mv (amri ya kuhamisha) kutoka folda yako haibadiliki, inakuja na ruhusa zake na grupu yake ileile. Tulihangaika siku mbili. Tukampigia, akaja jioni hiyohiyo akayarekebisha ya zamani bila kuongeza hata shilingi juu ya ile elfu 150 tuliyompa.

Ukimwita mwonyeshe mafaili ya zamani siku ya kwanza.