Eti shida iko kwa kichwa yangu

"Papa, kaske haina shida. Shida iko kwa kichwa yako."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na kijana wa duka moja hapa mjini Lubumbashi, mbele ya wateja watatu na mama muuza karanga aliyekaa mlangoni, siku chache tu baada ya kunipokea dola 35 za kaske, zile spika za kuvaa masikioni. Hata macho hakuyatoa kwenye simu yake.

Mimi kazi yangu ni kuandika mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, nasikiliza, naandika neno kwa neno. Tatizo, nyumba yangu huku Katuba imepakana na mashine ya kusaga mahindi, na hapa kwetu mtu ambaye hajala bukari, yaani ugali, anasema hajala, kwa hiyo mashine ile inapumzika tu umeme ukikatika. Umeme ukikatika, na mimi kompyuta haichukui muda inazimika. Ndiyo maana nikaenda kutafuta kaske za kufuta kelele, zile za bei ya watu kama sisi.

Siku ya kununua kijana alikuwa asali. Noti yangu ya dola 20 aliinua kwenye taa, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni, akanirudishia: imepasuka. Mpasuko wenyewe hata kwa miwani niliutafuta. Haya, dola iliyochanika hapa haitembei, wote tunajua, nikatoa nyingine. Ila mimi nilipoomba kuijaribu kaske, nikaambiwa ukifungua plastiki umeshanunua. Yaani pesa yangu ikaguliwe kama mgonjwa, halafu bidhaa yake niipokee kwa imani!

Nyumbani nikavaa, nikabonyeza kitufe. Mashine ikapungua kidogo, kama mtu amefunga dirisha akasahau mlango. Juu yake kukaja kasauti ka "sss" ambako hakakuwepo. Baada ya saa moja hivi juu ya sikio la kushoto pakaanza kuuma, pale kaske inapogandamiza mkono wa miwani kwenye fuvu. Mito yake ni ngozi ya bandia, na kwa joto hili la kabla ya mvua, ukiivua masikio yanatiririka jasho kama umetoka kulima. Nikairudisha kwenye boksi, nikapanda basi kurudi mjini.

"Mutoto, hii kaske haifute makelele."

"Inafuta, papa."

"Haifute."

"Batu bote banainunua hapa, hakuna mwenye kurudia. Ni wewe tu." Ndipo akasema lile la kichwa. Nilipotaja pesa zangu akanionyesha karatasi ukutani: kitu kikitoka hakirudi. Naapa siku ya kununua karatasi ile ilikuwa nyuma ya kalenda. Mama wa karanga akacheka. Zile dola nimezisamehe zamani. Kicheko chake bado.

Nilirudi nyumbani nikachukua utepe wa kushonea wa mke wangu nikajipima kichwa. Akaniuliza nashona kofia ya nani.

Sasa sikilizeni. Vumbi la unga linaingia kwetu hata ukifunga kila kitu, na linapenda miwani. Siku moja nikavua miwani niipanguse kwa shati, kaske ikiwa kichwani, na mashine ikazimika. Nikafikiri umeme umeenda, lakini feni inazunguka. Nikatoka hivyohivyo bila miwani hadi kwa jirani: mkanda unakimbia, unga unamwagika kwenye ndoo, kijana wa mashine mweupe mpaka kope ananipungia mkono. Nikavua kaske: ngurumo. Nikavaa: kimya. Nikavaa na miwani: ngurumo ikarudi.

Kumbe mkono wa miwani unauinua ule mto wa sikio, na sauti nzito hupita kwenye upenyo mdogo kama huo bila hodi. Kaske hizi zina maikrofoni zinazosikia kelele ya nje, kisha zinatoa wimbi lililo kinyume chake, mawili yanauana. Lakini sikio lisipofunikwa vizuri, hesabu hiyo inaharibika. Amar Bose, yule wa kampuni ya spika za Bose, alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na ngurumo ya ndege na ya mashine ya kusaga ni ndugu wa tumbo moja: nzito, haibadiliki. Kwa hiyo kijana alisema kweli? Nusu. Lakini miwani ilikuwa usoni kwangu, anaiona! Swali moja tu angeniuliza.

Sauti za watu ni habari nyingine, hizo haizigusi sana. Mashine ikishatoweka, nawasikia wamama wa foleni kuliko zamani. Nimejua nani anadaiwa, binti wa nani amerudi kwao, na kwamba yule papa wa nyumba ya pembeni siku hizi anatoka nje kushangaa mashine kama mtoto.

Muziki? Niliweka gitaa la Mwenda Jean Bosco, zile rekodi za miaka ya 50. Yule mzee kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaimba juu yake. Kwenye kaske hii gumba limevimba, limekalia mwenzake. Kwa sauti ya mtu anayeongea, hapo sina neno, ni safi mno. Juzi nilimaliza mahojiano ya saa mbili bila kurudisha nyuma hata mara kumi, kitu ambacho sijawahi kukipata tangu mashine ile ihamie hapa. Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie.

Ila bila miwani nimekuza herufi mpaka kioo kinabeba maneno manne kwa mara moja, na pua iko karibu na kompyuta kama nainusa. Nimeulizia miwani yenye mikono ya waya mwembamba: dola 40, zaidi ya kaske yenyewe.

Nyota nne. Tatu, kwa ajili ya jasho. Nikimkumbuka yule mama wa karanga, mbili.